Vichezeo Viamkavyo Maji Yakijaa: Mwongozo Kamili wa Kupiga Filamu ya Bunilizi ya Kisayansi Nyumbani Mombasa

Kwa simu moja, balbu mbili na ndara iliyokatika ukanda, familia inaweza kutoa filamu ya dakika mbili ambamo vichezeo vya mtoto vinaamka, vinatembea na kusema. Njia ni ya picha moja moja: unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga tena. Zikipitishwa haraka, jicho linaziunga lenyewe.

Sinema ya kawaida huenda kwa fremu (yaani picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kwa kazi ya mkono nyumbani 12 zinatosha, na mwendo wake wa kukatikakatika kidogo unavifaa vichezeo kuliko ulaini wa 24. Piga hesabu mapema: sekunde 120 mara 12 ni picha 1,440. Anayeanza, akiwa ametulia, hupata kama picha 60 kwa saa. Hizo ni saa 24 za kazi, yaani jioni kumi na mbili za saa mbili mbili. Ukiwaahidi watoto kwamba Jumapili moja itatosha, mtaachia njiani kwenye picha ya 200.

Nafasi ya simu: picha ya megapikseli 12 huchukua kama MB 4, kwa hiyo tenga GB 6, na nyingine kiasi hicho za kuhariria. Futa video za harusi kabla, si katikati ya kazi.

Kwanza, kwa nini viamke?

Filamu nyingi za nyumbani huzama hapa. Mwanasesere anafungua macho, mtazamaji wa miaka saba anauliza kwa nini, na jibu hakuna. Ukimjibu kwamba ni jini, hiyo ni hadithi nyingine, na yaweza kuwa nzuri, lakini si bunilizi ya kisayansi. Bunilizi ya kisayansi inataka chanzo kinachoeleweka, kanuni isiyovunjwa na mpaka.

Chanzo tunacho nje ya mlango. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari inaibukia Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zote za mwaka 2009, kisha EASSy ya 2010. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na data hupita humo ikiwa mwanga, kwa kasi ya kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanga huo ni infraredi, jicho la mtu haliuoni. Sema basi uzi mmoja umechubuka karibu na ufuo na mwanga unavuja majini. Watu hawana habari. Vichezeo vinauona.

Kanuni nayo iko baharini. Vichezeo viamke maji yanapojaa ya bamvua, yaani yale makubwa kuliko ya siku nyingine, na maji yakianza kutoka viganda palepale vilipo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapa kwetu hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kila siku maji huchelewa, kwa wastani dakika 50, na siku za bamvua hupungua kidogo. Shika 40 kwa ajili ya filamu. Alfajiri ya kwanza vinaamka saa kumi. Ya pili, saa kumi na dakika arubaini. Ya tatu, saa kumi na moja na dakika ishirini, na hapo adhana imeshaita, taa ya jikoni inawaka na mama mwenye nyumba anatafuta kandambili zake. Hofu ya filamu umeshaipata bila kuweka adui hata mmoja.

Mpaka ndio muhimu kuliko yote: kichezeo kikiamka kinabaki na mwili wake. Gari la waya halina magoti. Jahazi la ndara haliwezi kutembea sakafuni. Mwanasesere wa kitambaa hawezi kunyanyua hata kijiko. Wanaoanza huvifanya vichezeo vyote kuwa watu wadogo, vinapunga mikono na kuruka sawasawa, na hapo mtazamaji anaona plastiki inayosukumwa. Kila kimoja kikienda kwa namna ya kitu kilichokitengeneza, anaamini bila kuombwa.

Wahusika watatu, wasizidi

Wanne ni wengi. Kila mhusika anayeonekana kwenye fremu lazima aguswe, hata kama anapumua tu, na kazi inaongezeka kila unapoongeza mmoja.

Gari la waya ndilo rahisi. Kama mtoto ameshalitengeneza kwa waya wa kufungia nondo, na magurudumu ya soli au vifuniko vya soda, liache lilivyo. Ule usukani mrefu wa fimbo ndio shingo yake: likishangaa, fimbo inainuka, likihuzunika, inalala. Tatizo lake ni kwamba linabingirika lenyewe, maana sakafu karibu zote zina mteremko. Bandika tone la gundi laini ya kubandikia picha ukutani, dogo kama punje ya mchele, chini ya magurudumu mawili ya nyuma, na ulisogeze pamoja na gari kila fremu.

Jahazi linataka ndara ya mtoto, urefu wa sentimita 18 hivi. Chonga omo, yaani pua ya chombo, kwa kisu kikali (kikiwa butu soli inachanika badala ya kukatika). Mlingoti ni kijiti cha mshakiki, sentimita 20, kilichochomekwa na kutiwa gundi. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni kijiti kingine, sentimita 22, kilichofungwa kwa uzi kikiwa kimelala mshazari. Tanga likate pembetatu kutoka kitambaa chepesi, na ndani ya pindo ushone waya mwembamba usiozidi nusu milimita. Huo waya ndio siri: bila huo tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba, ukiwemo unalikunja lishike upepo na linabaki hivyo mpaka uliguse tena.

Mwanasesere wa leso ndiye mwenye kazi, kwa sababu anahitaji mifupa. Bora ni waya wa alumini wa milimita 2. Ukikosa, tumia shaba ya waya wa umeme wa uzi mmoja namba 2.5, ule mafundi wanaopitishia soketi. Ubambue ganda kwa kisu. Usilichome moto, moshi wa plastiki hiyo ni sumu.

1. Kata sentimita 60, ukunje katikati. Acha kitanzi cha sentimita 2 juu kwa ajili ya kichwa, kisha usokote nyuzi mbili pamoja sentimita 9. Huo ni uti wa mgongo.

2. Ncha mbili zilizobaki ni miguu. Kunja kila moja irudi juu hadi kiunoni na uisokote, ukiacha tundu dogo chini. Mguu utatoka kama sentimita 8.

3. Kata sentimita 34 za mikono. Zizungushe mara mbili kwenye mgongo, sentimita 2 chini ya shingo, kisha ukunje kila upande urudi na kusokota.

4. Valisha mapaja, miundi na mikono vipande vya mrija wa soda, ukiacha sentimita moja wazi kwenye goti, nyonga, kiwiko na bega. Bila mirija mguu hupinda popote, na mwanasesere anaonekana kama tambi.

5. Gundisha nati ya chuma ya M6 kwenye tundu la kila mguu.

6. Zungushia sponji ya godoro ya unene wa sentimita moja, ufunge kwa uzi, kisha ushone ngozi ya kitambaa na nguo ya leso. Maua makubwa ya katikati humeza mwili mdogo. Kata penye mapambo madogo ya pindo.

Shaba ina tabia moja mbaya: kila ukiikunja inakuwa ngumu zaidi, mpaka siku inakatika, na hukatika gotini katikati ya tukio. Kabla ya kuunda, ipitishe kwenye moto wa gesi iwe nyekundu hafifu, uiache ipoe. Inalainika na kudumu zaidi. Hata hivyo tengeneza miguu ya akiba. Alumini husamehe zaidi, lakini nayo haiishi milele.

Kuhusu usemi wake: mwanasesere wa leso aseme kwa majina ya leso tu, yaani yale maneno yanayochapishwa juu yake. Akiulizwa njia, ajibu “Haba na haba hujaza kibaba”. Akiudhiwa na gari, “Wema hauozi”. Kila bibi Mombasa atacheka kabla ya watoto, na mwandishi wa mazungumzo anapunguziwa kazi.

Jukwaa

Matukio ya kutembea yapigie mezani. Ya kukaa, kuinua kichwa au kuchungulia yapigie sakafuni penyewe, chini ya kitanda au nyuma ya mtungi, simu ikiwa sentimita 10 kutoka chini. Nyumba ya kweli ikitazamwa kwa jicho la kichezeo inatisha kuliko jukwaa lolote la katoni, na haina gharama.

Mezani weka bati bapa la sentimita 60 kwa 90 juu ya mirundo miwili ya vitabu, pabaki nafasi ya mkono kupita chini. Juu yake tandaza karatasi iliyopakwa rangi ya sakafu. Mkeka wa ukindu unapendeza, lakini ni mnene na sumaku haishiki. Chini ya bati, mkabala wa kila mguu unaokanyaga, weka sumaku: za hadi-disiki iliyokufa zina nguvu sana, za spika kuukuu zinafaa pia. Mguu ukitaka kuinuka, vuta sumaku yake pembeni kwanza. Ukiung'oa kwa nguvu, unapindisha kifundo na mwili mzima unayumba kwenye fremu hiyo, na kuyumba kwa fremu moja kunaonekana.

Bahari ni leso ya buluu iliyotandazwa juu ya mabomba matatu ya karatasi. Kila fremu yabingirishe milimita 5 upande mmoja, mawimbi yanaenda. Jahazi liinamishe kwa kipande cha gundi laini chini ya omo, kisha chini ya tezi, yaani nyuma, likipishana na wimbi kwa fremu mbili; chombo hupanda baada ya wimbi kufika, si pamoja nalo.

Mwanga wa kuamka kifuani mwa mwanasesere ni taa ya LED ya buluu ya milimita 5, miguu yake ikibana betri ya kidonge ya CR2032. Zote ni za volti 3 hivi, kwa hiyo huhitaji rezista. Mguu mrefu uguse upande wenye alama ya kujumlisha. Mapigo ya mwanga huyafanyi kwa kuwasha na kuzima, bali kwa karatasi nyembamba nyeupe: funika tabaka tatu, mbili, moja, wazi, kisha urudi. Betri ikichoka mwanga unafifia polepole bila wewe kujua, hivyo weka mpya kila tukio. Betri hizi na sumaku ndogo zisiachwe mezani penye mtoto mchanga. Betri ya kidonge ikimezwa huchoma koo la chakula ndani ya saa mbili tu. Akishukiwa kumeza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa fremu chache ambamo mwanga usioonekana unaonekana, elekeza rimoti ya TV kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Jicho halioni kitu, lakini kamera nyingi za simu, hasa ya mbele, huonyesha kitone cheupe chenye zambarau. Ni infraredi kweli, ingawa si ya urefu wa wimbi ule wa mkongo.

Kamera na mwanga

Simu isiguse meza ya jukwaa. Iweke kwenye stendi juu ya meza nyingine, au ifunge kwa mipira kwenye tofali. Programu inayofaa ni Stop Motion Studio, kwa sababu inaonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya picha mpya, nawe unaona umesogeza kiasi gani. Ukitumia kamera yenye mipangilio ya mkono, kama Open Camera, kiwashe kivuli hicho kwenye mipangilio, palipoandikwa Ghost image.

Funga kila kitu kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, kasi ya shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie) 1/25 ya sekunde, fokasi mahali pamoja, rangi ya mwanga kwa namba. Shata ina sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/25 au 1/50 kila picha inakusanya metameta kamili. Kwa 1/60 inakata moja katikati, na picha zinatoka moja nyeupe, moja nyeusi, au zina michirizi. Pakiwa giza panda hadi ISO 200, usiiguse shata.

Piga usiku, mapazia yamefungwa. Jua letu la karibu na ikweta linakimbia, na wingu moja tu linabadilisha kila kitu. Balbu mbili za LED za wati 9 za aina moja zinatosha. Ya kwanza iwe pembeni kwa nyuzi 45, umbali wa sentimita 60. Ya pili usiielekeze kwenye vichezeo, igeuze kwenye karatasi nyeupe ya manila ili irudi laini. Alfajiri ya filamu unaipata kwa balbu nyeupe za kelvini 6500 huku simu ukiiwekea rangi ya mwanga ya kelvini 3800: kila kitu kinakuwa buluu. Ziwashe dakika 15 kabla ya picha ya kwanza, maana hubadilika kidogo zinapopata joto.

Ukimaliza tukio la kwanza utakuta mwanga unapepesa hata hivyo. Tafuta kwa mpangilio huu. Simu inajirekebisha yenyewe? Ndicho kisa cha kawaida, kwa kuwa programu nyingine huachilia kufuli simu ikilala. Friji inawaka na kuzima? Umeme ukishuka, balbu rahisi hufifia. Tumia taa za kuchaji, nazo hazitakuangusha umeme ukikatika. Halafu jitazame mwenyewe. Kanzu nyeupe ni kioo: ukiinama mbele unamulika jukwaa, ukirudi nyuma unalitia giza. Buibui ndilo vazi bora la kazi hii, na asiye nalo avae fulana nyeusi na asimame mahali palepale kila anapobonyeza.

Kitufe usikibonyeze kwa kidole kwenye kioo. Chomeka spika za masikio za waya. Kwenye simu nyingi kitufe cha sauti hupiga picha. Weka simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa ukiingia simu inatetemeka na fremu inahama. Waya wa chaji uchomeke kabla ya kuanza. Ukiuchomeka katikati ya tukio, kamera inasogea milimita moja, na kwenye filamu nyumba nzima inaruka.

Feni ni adui. Tanga linapepea, pindo la leso linainuka, na mwendo unakatika. Zima. Ndiyo, kuna joto, na ile gundi laini inalegea vidoleni. Iweke kwenye friji dakika 10 kila baada ya picha 40. Simu nayo ikipata joto huzima kamera, sababu nyingine ya kuanza baada ya isha. Wanaokaa ghorofa za kale zenye sakafu ya boriti watagundua kwamba mtu akipita chumba cha pili mwanasesere anatikisika. Hapo sharti ni moja: wakati wa kupiga, kila mtu ameketi.

Kusogeza

Mgawanyo wa kazi uwe hivi: mmoja anagusa vichezeo, mmoja anabonyeza na kusema namba kwa sauti, mmoja anaandika kwenye karatasi ya hesabu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa wa pili, na hufanya vizuri kuliko baba zake kwa sababu hachoki kuhesabu.

Kitu hakianzi kwenda kwa kasi yake kamili. Gari likitoka, lisogeze milimita 1, 2, 4, 7, kisha 10 kwa kila fremu. Likisimama rudi 7, 4, 2, 1. Ukienda 10 tangu mwanzo linaonekana limesukumwa na mkono. Kabla ya kuondoka lirudishe nyuma milimita 2 kwa fremu mbili, kama linavuta pumzi.

Mwanasesere wa sentimita 20 atembee hatua mbili kwa sekunde, fremu 6 kila hatua, hatua ya sentimita 6. Fremu ya kwanza nyayo zote zinagusa. Ya pili mwili unashuka milimita 3, uzito ukiangukia mguu wa mbele. Ya tatu mguu wa nyuma unaachia. Ya nne unapita kando ya mwenzake, na mwili uko juu kabisa. Ya tano unakwenda mbele. Ya sita kisigino kinakaribia chini. Kosa la kawaida ni kusahau kushuka kwa fremu ya pili: kichwa kinakwenda mstari mmoja, na mwanasesere anateleza kama amevutwa kwa uzi. Kwa kuwa ni wa kitambaa, acha kichwa chake kichelewe fremu moja nyuma ya mabega.

Kupepesa macho ni fremu tatu: nusu, kufunga, nusu. Na kichezeo kinapogundua jambo, usikiguse kwa fremu 6. Nusu sekunde ya utulivu humfanya mtazamaji adhani kinafikiri.

Kwa midomo, Kiswahili kimetupendelea. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, hivyo vikaratasi sita vinatosha: mdomo uliofumba kwa M, B na P; wa A; wa E na I pamoja; wa O; wa U; na wa F na V wenye meno juu ya mdomo wa chini. Vibandike kwa gundi laini. Jahazi likitangaza “Maji yamejaa”, silabi ni sita, ma-ji-ya-me-ja-a. Kwa fremu mbili kila silabi unapata 12, sekunde moja kamili. Karatasi ya hesabu itasomeka hivi:

1 fumba, 2 A, 3 I, 4 I, 5 I, 6 A, 7 fumba, 8 E, 9 I, 10 A, 11 A, 12 A.

Rekodi sauti kwanza, ndipo upige picha kuifuata. Wanaofanya kinyume huishia kumfanya msemaji akimbizane na mdomo.

Kuruka na kuelea kunataka fimbo. Mshike mwanasesere kwa waya mgumu kutoka nyuma, na kabla hujamweka piga picha ya jukwaa tupu, kwa simu na mwanga uleule. Wakati wa kuhariri, weka picha hiyo tupu chini na ufute waya. Nyuma yake itatokea ukuta. Kivuli cha waya hufutwa pia, na wengi hukisahau.

Sauti

Sauti za watu zirekodi usiku wa manane, ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi, mdomo sentimita 15 kutoka kwa simu. Mchana kuna tuktuk, na kabla hakujapambazuka kunguru wanaamka na hawanyamazi. Pangia adhana nafasi, usiikate katikati. Ukiirekodi kwa makusudi kutoka dirishani, una sauti ya alfajiri ya tatu.

Mawimbi ni konzi mbili za mchele zikizungushwa polepole kwenye uteo. Hatua za mwanasesere ni leso iliyokunjwa ikisuguliwa kwenye kiganja. Jahazi kuburutika ni ndara yenye maji juu ya sakafu. Gari, liburute lenyewe. Muziki usiuchukue kwenye rekodi ya taarabu ya mtu, haki ni yake. Sufuria tatu zenye maji ya vina tofauti na kijiko cha mwiko vinatosha.

Kuunganisha

Ziingize picha kwa mpangilio wa namba, fremu 12 kwa sekunde, kwenye Stop Motion Studio hiyo hiyo au DaVinci Resolve kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Tazama yote mara moja bila kusimama. Tukio likichosha, punguza picha badala ya kuongeza kasi. Kasi huharibu midomo. Toa filamu kwa 1080p, fremu 24, kila picha ikirudiwa mara mbili. Weka nakala kwenye diski nyingine kabla ya kufuta chochote kwenye simu.

Filamu ya nyumbani kwa ajili ya nyumbani haina masharti. Ukipanga kuipiga ili kuionyesha hadharani au kuiuza, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu, nayo iainishwe na Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya. Waulize kabla ya kuanza, si baada ya kubandika matangazo.

Siku ya kuonyesha, shuka jeupe lililotandazwa ukutani darini linatosha, projekta ikiwa mita 3. Anza baada ya magharibi kukolea, giza likiwa kamili, na uwashe feni upendavyo. Ila shuka litie mawe kwenye pindo la chini, maana upepo wa kusi ukilikamata, jahazi la ndara litakwenda mrama ukutani mbele ya wageni wote.